Kocha wa Kujitolea

Kwa miaka minne nilifundisha riadha katika chuo kimoja cha Louisville bila kulipwa chochote. Cheo changu kilikuwa kimeandikwa waziwazi kwenye tovuti ya chuo, pamoja na picha yangu nikitabasamu kama mjinga: kocha msaidizi wa kujitolea. Kwetu Manyara anayejitolea ni yule anayepika msibani au anayefagia kanisa Jumamosi. Akimaliza anashukuriwa, anakwenda zake. Mimi nilijitolea siku sita kwa wiki, Agosti mpaka Juni, na siku ya saba nilifua nguo za ile kazi nyingine, iliyokuwa inanilisha.

Kazi hiyo nyingine ilikuwa Okolona, kwenye ghala la vifurushi. Naingia saa kumi alfajiri, natoka saa sita mchana, napanda basi nikinuka maboksi, nabadilisha viatu humohumo ndani ya basi, na saa nane niko uwanjani, saa ya kupimia muda ikining'inia shingoni, nikiwafokea wasichana wa mbio ndefu waache kukimbia kwa mabega. Hawakujua natoka wapi. Walidhani napenda tu kula ndizi nikiwa nimesimama.

Marekani nilikuja kwa miguu yangu, na simaanishi kwamba nilitembea. Chuo kilinipa ufadhili kwa sababu ya mbio za mita elfu tano, nikasoma, nikamaliza, goti likakataa kuendelea, na nilipopata karatasi za kuishi nikajiambia kwamba kazi yangu hapa duniani ni kufundisha wengine kukimbia. Nililiamini hilo kwa dhati. Nasema hivyo ili nisionekane kwamba nilikuwa nabahatisha. Nilitaka jambo moja tu, kuitwa kocha na kulipwa kwa kuitwa kocha, niache kubeba maboksi.

Kazi hizi zina msimu wake, kama maembe. Kila Juni, mashindano makubwa yakiisha, makocha wa vyuo huanza kuhama. Kocha mkuu mmoja akifukuzwa huko Texas, wa Indiana anapanda kwenda Texas, wa Ohio anapanda kwenda Indiana, kila mmoja anabeba wasaidizi wake, na chini kabisa kinabaki kiti kimoja kitupu, ambacho ndicho kinatangazwa. Kuna tovuti iliyoorodhesha viti hivyo. Nilikuwa naisoma ghalani wakati wa mapumziko ya dakika kumi na tano, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, glavu nimezibana kwapani. Karibu kila tangazo lilitaka miaka miwili ya uzoefu wa kulipwa. Mimi nilikuwa na minne ya kutolipwa, na hakuna aliyeweza kuniambia inabadilishwa kwa kiwango gani.

Kocha mkuu wetu alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, aliyependa kunishika bega. "Wewe ni familia," alikuwa akiniambia kila nilipomuuliza kama mwaka ujao kutakuwa na fungu la mshahara wangu. Mwanzoni neno hilo lilinipendeza. Ilinichukua miaka miwili kuelewa kwamba familia ndio watu wasiolipwa. Aliyelipwa alikuwa msaidizi wake, kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Mimi niliandika mazoezi ya wiki, yeye akayatuma kwa barua pepe yenye jina lake chini. Sikuweza hata kumchukia vizuri, maana hakuwa mtu mbaya. Ijumaa alileta donati na alinibakizia ile ya sukari.

Nilikuwa naishi Beechmont, kwenye nyumba ya matofali iliyogawanywa mara mbili. Upande wa pili alikaa mama mmoja Mkongomani kutoka Kivu Kusini, mjane, aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Alinizidi miaka michache na mimi nilimwita dada. Yeye aliniita Mama Kocha, ingawa hakuacha kuishangaa kazi yenyewe.

"Bon, Mama Kocha," alinianza siku moja tukitoa takataka, "weye unaamukaka na giza, unaenda kubeba macarton kule Okolona, kisha unaenda tena kufundisha batoto ya benyewe, bure?"

"Ni kujitolea, dada."

"Donc unatumikaka mara mbili, unalipwaka mara moja." Alifunika pipa. "Ile haiko kazi. Ile iko sadaka."

Alikuwa na binti mmoja, wa mwaka wa tatu wa sekondari. Mama anamsemesha kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza, kama nyumba nyingi za mtaa ule. Siku moja nilimwona akilikimbilia basi la shule lililokwisha kuondoka. Alilipata. Dereva akafungua mlango, mtoto akapanda bila hata kuhema, na mimi nikabaki barazani na kikombe changu cha chai nikiwa siamini. Jioni yake nilikwenda kumwomba mama yake. Sheria za vyuo hazikuniruhusu kumfundisha rasmi mwanafunzi wa sekondari, kwa hiyo tulikuwa majirani wawili wanaokimbia pamoja Jumapili kwenye bustani ya mji. Ila jirani mmoja alikuwa na saa shingoni. Msimu wa kwanza alioingia timu ya shule yake aliwaacha wenzake mpaka watazamaji wakadhani amekata njia.

Kiangazi cha 2015 kiti kilitangazwa Columbus. Kocha msaidizi, mbio ndefu za wanawake, mshahara, bima. Niliomba. Wakaniita. Nilipanda basi la masafa nikiwa nimevaa suruali mpya yenye mstari wa pasi, nikakaa na kocha mkuu wao kutwa nzima. Alinionyesha ukumbi wao wa ndani wa mazoezi ya baridi, njia nyekundu zenye joto, taa kama mchana, na mimi nikapita nikizigusa kwa kiganja alipokuwa hanitazami. Aliniuliza mambo ya maana: nafundishaje mtu aliyevunjika moyo, nafanyaje mtu akipungua uzito. Kwa mara ya kwanza nchi hii mtu aliandika chini nilichosema.

Siku nne baadaye alinipigia simu. Alisema wananitaka. Alisema karatasi zitatoka wiki itakayofuata, ofisi ya ajira ikikamilisha taratibu, nami nianze kutafuta nyumba. Nilikuwa jikoni. Nilikaa chini sakafuni nikalia, kisha nikainuka nikaosha mchele.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mtu haondoki bila kuaga. Mfanyakazi akipata kazi pengine humwendea bosi wake kwanza, anakaa, anaeleza, anashukuru kwa yote, anaomba radhi alipokosea, ndipo anaondoka na baraka. Asiyefanya hivyo huyo ametoroka, na jina la mtoro halimtoki. Baba yangu aliaga hata alipoacha kazi ya mtu aliyekuwa akimtukana. Mimi ningewezaje kuondoka kwa watu walioniita familia bila kuaga?

Nilipika pilau ya nyama, sinia mbili za karatasi ya bati, na kachumbari pembeni, nikapanda nazo basi zikiwa mapajani. Nikaingia ofisini kwa kocha mkuu. Nikamwambia kila kitu. Jina la chuo, jina la kocha, kazi yenyewe, hata ule ukumbi. Akanikumbatia. Akasema Columbus wana bahati na kwamba kocha wao ni rafiki yake wa zamani, walikimbia pamoja ujanani. Akajipakulia wali.

"Umeshasaini?" akaniuliza akitafuna.

"Bado. Wiki ijayo."

Akaacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea. Mimi niliona nikadhani amekutana na iliki.

Nikawaaga na wasichana. Walilia, wakanipa fulana yenye sahihi zao zote, tukapiga picha. Nilitembea ofisi zote za jengo lile nikishika mikono, mpaka mzee wa kufungua geti. Siku ya nane ikaja barua pepe kutoka Columbus. Ilisema kwamba baada ya kutafakari kwa kina wameamua kuelekea upande mwingine. Niliisoma nikiwa nimekalia ndoo yangu. Wiki moja baadaye nikauona huo upande mwingine kwenye tovuti, umevaa tai: yule kijana wa donati.

Nikapiga moyo konde. Nikajiambia basi, kiti chake Louisville kimebaki kitupu, na hakuna anayekijua kuliko mimi niliyekikalia miaka minne bila kukikalia. Nikarudi kwa kocha mkuu. Alinipokea kwa uso wa mtu aliyeona mgeni amerudi kuchukua mwavuli.

"Lakini wewe si umeshatuaga?" alisema. "Tulikufanyia na sherehe." Kiti alikuwa ameshampa mtoto wa rafiki yake mwingine.

Nilitoka nikakaa kituoni, basi likanipita mara mbili. Sikuwa na hasira bado. Nilikuwa na aibu, jambo ambalo hadi leo linaniudhi kuliko yote, kwamba wao ndio waliofanya na mimi ndiye niliyeona aibu.

Kwa kuwa sasa sikuwa wa chuo chochote, sheria hazikunihusu tena. Nilimfundisha yule binti wa jirani kila siku baada ya ghala. Alikuwa ameingia mwaka wa mwisho. Hasira yangu yote niliimimina kwenye mazoezi yake na yeye aliipokea bila kulalamika, akageuka mkimbiaji wa kutisha. Barua za vyuo zilianza kujaa kwenye kisanduku cha nyumba yao. Mama yake aliziweka ndani ya Biblia mpaka Biblia ikakataa kufunga. Columbus walimwalika kutembelea chuo, akaenda siku mbili, akarudi hasemi kitu kingine ila ule ukumbi. "Mle ndani huwezi kujua kama nje kuna baridi," aliniambia kwa Kiingereza chake cha haraka, macho yakimwaka. Nikamwambia naujua.

Septemba kocha wa Buffalo akanipigia. Chuo chao kilikuwa kidogo, msaidizi wake alikuwa ameacha kazi ghafla. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, na nitamsifu kwa jambo moja, hakuniita familia. Aliniuliza maswali, akaridhika, kisha akaniambia bila kuzunguka: "Nakuhitaji wewe, na namhitaji huyo msichana. Nikiwaambia wakubwa wangu kwamba wewe unakuja naye, mshahara wako utapita. Bila yeye sina cha kuwashawishi. Nafasi naishikilia mpaka wiki ya kusaini."

Wiki ya kusaini ni Novemba, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapotia sahihi chuo watakachokwenda. Nilikuwa na miezi miwili. Sikumwambia mtu. Somo la kuaga nilikuwa nimeshalipata.

Nilianza kumsifia yule binti Buffalo. Nilisema chuo kidogo kinamjali mtu. Nilisema baridi inamkomaza mkimbiaji. Alinisikiliza kwa heshima, kichwa chini, kama anavyosikilizwa mtu anayeuza bima.

Kisha, wiki moja kabla ya kusaini, jirani yangu akagonga ukuta, ndivyo tulivyokuwa tunaitana. Alisema kocha wa Columbus anakuja nyumbani Jumamosi kuzungumza na mzazi. Kiingereza cha mama huyo cha kazini kilimtosha kuuliza mgonjwa kama ana maumivu, hakikumtosha kwa mikataba. "Weye utanitafsiria, Mama Kocha. Binti hapana, mutoto hawezi kutafsiri maneno yake mwenyewe." Nikamuuliza ni kocha yupi anayekuja. Akanionyesha jina kwenye simu. Ni yule kijana.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nina zamu. Nilikubali, na sitajidanganya kwamba nilikubali kwa ujirani.

Alikuja Jumamosi saa tisa mchana na sweta la rangi za chuo chao. Nilimkuta barazani kabla hajaingia. Alifurahi kweli kuniona, akataka kunikumbatia, akaona mikono yangu haikunjuki, akashusha yake.

"Natumaini huna kinyongo," alisema. "Sikuwa hata na mpango wa kuomba. Kocha ndiye aliyewapigia simu siku ileile. Tulikuwa bado tunakula ule wali wako."

Alisema hivyo kwa wema, akidhani ananipunguzia uchungu. Kumbe waliupanga mpango huo pilau yangu ikiwa bado mdomoni mwao. Nikaushika ukingo wa baraza, kisha nikamfungulia mlango nikamkaribisha.

Sebuleni jirani yangu alikuwa amevaa kitenge chake cha ibada. Binti alikaa kwenye mkono wa kochi, simu mkononi, kisikizio kimoja sikioni. Mimi niliwekwa katikati. Kijana alizungumza vizuri. Alieleza masomo, chakula, chumba, walimu wa ziada. Nilitafsiri neno kwa neno, hata pale aliposifia ukumbi. Nasisitiza hilo kwa sababu ni kweli: robo tatu ya saa nilitafsiri kwa haki.

Kisha mama akaegemea mbele.

"Muulize. Mutoto akiumia, akivunjika muguu hawezi tena kukimbia, masomo itaendelea, ama batamurudisha nyumbani?"

Nikamuuliza. Kijana akajibu bila kufikiri, na alimtazama mama machoni alipojibu. Alisema hata akiumia siku ya kwanza, hata asipokimbia tena maishani, ufadhili utabaki miaka yote minne. Alisema imeandikwa. Akagonga karatasi kwa kidole.

Nikageuka kwa mama.

"Anasema, tutaona."

Sikuwa nimepanga. Nimejiuliza mara nyingi na jibu ni hilohilo, neno lilitoka lenyewe, jepesi, kana kwamba lilikuwa limekaa mlangoni likisubiri. Lakini lilipotoka nililijua uzito wake. Kila anayesema Kiswahili anajua tutaona maana yake nini. Afisa akikuambia tutaona, unakunja karatasi zako unakwenda. Na mama yule alikuwa ameishi kambi ya wakimbizi huko Burundi miaka kumi na minne.

"Tutaona," alirudia polepole. Akaegemea nyuma. "Bon. Kule kambi walikuwa wanatuambiaka hivyo. Mwaka hii, tutaona. Mwaka ingine, tutaona." Akanitazama. "Na ile Buffalo yenye unasifiaka?"

"Kule nitakuwepo mimi, dada."

"Basi imeisha." Akamgeukia kijana, akatabasamu kwa adabu zote. "Thank you. Thank you very much." Akainuka kwenda kuleta chai na maandazi, maana mgeni haondoki mkavu.

Kijana alinitazama asielewe kilichobadilika. Hakuwa na neno hata moja la Kiswahili la kumsaidia. Na mimi, katika akili yangu, nilikuwa nimewahesabu watu wawili chumbani, mmoja anayejua Kiingereza na mmoja anayejua Kiswahili, na mimi katikati kama ukuta. Yule aliyekaa kwenye mkono wa kochi sikumhesabu. Tulikuwa tumeshazoea kulalamika kwamba watoto wetu hawasikii Kiswahili kwa sababu tu hawakijibu. Aliinua macho kwenye simu mara moja, akanitazama, akayarudisha chini.

Wiki iliyofuata binti alisaini Buffalo. Mama yake alipiga magoti sebuleni akashukuru, nami nikapiga magoti kando yake. Januari niliacha ghala. Niliondoka Louisville kwa gari la kukodi lenye nguo zangu na sufuria zangu, nikapanga nyumba Lackawanna, mtaa wa wafanyakazi wa chuma ambacho hakiyeyushwi tena, upepo wa ziwa unagonga madirisha kama mtu anayedai kuingia. Picha yangu ikawekwa kwenye tovuti nyingine. Kocha msaidizi. Nukta. Niliitazama siku ya kwanza kwa muda mrefu nikingoja furaha, na furaha ilikuja kiasi, siwezi kukataa. Mwezi ulipoisha nililipwa kwa kuwafokea watu kuhusu mabega yao.

Binti alinifuata Agosti. Alikimbia vizuri vuli ile, alikuwa wa kwanza katika timu yetu kila Jumamosi. Kisha theluji ikafunika kila kitu. Hatukuwa na ukumbi. Tulikimbia kwenye korido za jengo la mazoezi, tukizunguka mashine za soda, watu wakitoka bafuni wakibana ukutani kutupisha, na kona zile kali zikamharibia vifundo vya miguu. Alifunga barafu akaendelea. Hakuwahi kulitaja Columbus. Mimi ndiye niliyekuwa nalitaja kichwani kila alipokata kona.

Siku moja ya Februari, mchana, nilikuwa nampeleka bwenini. Wasafisha barabara walikuwa mbele yetu, tukaenda taratibu nyuma yao. Nilikuwa namweleza habari za wiki ijayo, nafuu ya vifundo, nini tupunguze. Alikuwa akinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, ndiyo kocha, sawa kocha. Kisha akafuta ukungu kwenye kioo cha upande wake. Alipozungumza tena alizungumza Kiswahili, kile cha mama yake, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akitoa sentensi nzima.

"Yule kocha alisema hata nikiumia, masomo itabaki. Nilisikia."

Niliendelea kuendesha kwa sababu sikujua cha kufanya na mikono. Gari la mbele lilikuwa linamwaga chumvi ya kuyeyusha theluji, ikawa inagonga kioo chetu.

"Kwa nini hukusema?" niliuliza.

Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo ningejua pa kujishika.

"Nilikusikilia huruma," alisema. "Ulikuwa umechoka sana na ile kazi ya macarton. Nikasema, wacha apate."

Tukafika bwenini. Akachukua begi lake kiti cha nyuma, akasema asante kocha kwa Kiingereza, akaingia ndani akichechemea kidogo mguu wa kushoto.

Nimewalaani watu wengi kwa ajili ya miaka ile. Nimemlaani yule mnene na simu yake, nimelaani tovuti na viti vyake, nimelaani pilau yangu mwenyewe. Nikiwa peke yangu naweza kuwapanga wote mstari mmoja na kuwasomea mashitaka, na kila mmoja ana hatia. Lakini katika wote hao hakuna aliyenipa kazi. Kazi nilipewa na msichana wa miaka kumi na saba aliyekaa kwenye mkono wa kochi, akapima anachokitaka yeye na ninachokihitaji mimi, akaniachia. Aliilipia kwa vifundo vyake na sikumwambia hata pole. Nilimwandikia tu mazoezi mepesi wiki mbili.

Mama yake hajui mpaka leo. Ananipigia simu Jumapili akitoka ibada, nasikia kelele za watu wakiagana nyuma yake. Ananiuliza baridi, ananiuliza binti anakula nini, kisha anaanza kuniombea. Anamwomba Mungu anilinde kama nilivyomlinda mtoto wake, aniongezee kwa kuwa nilimwambia ukweli siku wale wengine walipotaka kumchukua na kumtupa. Ana maombi marefu. Mimi nasimama jikoni Lackawanna, simu sikioni, nasubiri afike mwisho, na akifika, nasema amina.